Waliniambia Nisubiri Miaka Miwili

Siku niliyokabidhi funguo za wodi ya wazazi, ninyi vijana mnaobaki mliniomba niwaandikie mambo ya kazini. Mlitaka nianze na vyeo. Sitaandika vyeo. Vyeo hubandikwa mlangoni na kubanduliwa, na mishahara yetu mnaijua, ndiyo maana nusu yenu mnauza vitenge humo humo wodini. Nitaandika jinsi nilivyochelewa kwenda chuo kikuu, kwa sababu karibu kila mwaka nimemwona mmoja wenu akipata nafasi ya kusoma, halafu mtu wa nyumbani kwake anamwambia asubiri kidogo. Hilo neno "kidogo" nalifahamu vizuri.

Nimezaliwa Misungwi, mtoto wa kwanza wa mama ambaye tulimwita Mayu, kama Wasukuma wengi wanavyomwita mama. Baada yangu alikuja mdogo wangu wa kiume, Masalu. Nilipofika umri wa kuanza darasa la kwanza, Mayu alikuwa shambani kwenye pamba na hapakuwa na mtu wa kumbeba Masalu. Nikabaki nyumbani nikimlea. Ndiyo maana mimi na yeye tulianza shule siku moja, yeye akiwa mdogo wa darasa na mimi jitu zima linalokaa nyuma. Tukaenda hivyo hivyo sambamba mpaka kidato cha sita, yeye shule ya wavulana, mimi ya wasichana. Baba alifariki tukiwa bado shuleni.

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, wote tulikuwa tumefaulu kwenda chuo kikuu. Mayu alichinja kuku. Wakati huo kisukari kilikuwa kimeshamwanza. Alikuwa akinywa maji kama ng'ombe waliotoka machungani na bado akiona kiu. Jioni ile baba yetu mdogo, Lufega, ambaye baada ya kifo cha baba ndiye aliyekuwa msemaji wa familia, akatuita.

"Wote mmefaulu, ni heshima kwetu," alisema. "Lakini mkienda wote Dar es Salaam, mama yenu atabaki na nani? Masalu atangulie. Kabula, wewe subiri miaka miwili tu. Somea hata uuguzi hapa hapa, uwe karibu."

"Baba, kwa nini nisitangulie mimi, Masalu ndiye asubiri?"

Alicheka. Hakuwa mtu mbaya. Aliona nimeuliza swali la kitoto. "Mwanaume akisubiri anaharibika."

"Na mwanamke?"

"Mwanamke anaolewa."

Nilimtazama Masalu nikitegemea atasema lolote. Alikuwa akichambua mfupa wa paja la kuku. Aliuchambua vizuri sana.

Basi nikasomea uuguzi na ukunga, nikapangiwa kituo cha afya ng'ambo ya pili ya ziwa, mbele ya Busisi. Mkunga mkuu pale alikuwa Sista Veneranda, Mkerewe mfupi mwenye mikono mipana. Jina langu halikumkaa mdomoni. Tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho aliniita Kabura. Siku hiyo ya kwanza nilifika na sare iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Akanipa ndoo na fagio la maji. "Leba inaanzia sakafuni," alisema. "Mama akiteleza na damu ya mwenzake, cheti chako hakitamdaka."

Juma la pili ndipo aliponipa ile pembe ya mbao ya kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni. Ninyi mna mashine, mnapaka mafuta na sauti inajaa chumba kizima. Sisi tuliinama, sikio kwenye mbao, mbao kwenye tumbo, na kidole kwenye mkono wa mama, usije ukasikia mapigo ya mama ukadhani ni ya mtoto. Nilisikia kila kitu isipokuwa mtoto. Nilisikia ugali ukishuka. "Usitafute sauti," aliniambia Sista. "Nyamaza tu, itakuja." Ilikuja siku ya nne, kama saa ya mkononi iliyofungwa kwenye kitambaa. Nilicheka kwa sauti na yule mama mjamzito naye akacheka, ingawa hakujua tunacheka nini.

Miaka miwili ikaisha. Masalu alikuwa bado anasoma. Akamaliza, akaja Mwanza mjini kuanza kazi. Nikaambiwa nisubiri ajipange. Akajipanga, akataka kuoa. Nikaambiwa huwezi kuondoka mwaka wa harusi ya mdogo wako. Akaoa, akaanza kujenga Pasiansi. Nikaambiwa nyumba ikiisha Mayu atahamia huko, nami nitakuwa huru. Hakuna aliyewahi kunikatalia. Kukataliwa kuna heshima yake, unajua umesimama wapi. Mimi niliitikiwa "ndiyo, mwakani" mpaka nikazoea.

Kilichonitoa kwenye mazoea ni mama mmoja aliyeitwa Milembe. Alikuja kujifungua mtoto wa tatu, tumbo gumu kama jiwe, analalamika maumivu yasiyoachia. Alijifungua mtoto mwembamba lakini mzima. Kondo la nyuma likatoka papo hapo na bonge kubwa la damu iliyokuwa imejificha nyuma yake. Kisha damu haikukoma. Tulisugua tumbo, tukachoma sindano, tukatafuta kama amechanika, tukafanya yote tuliyofundishwa. Nilikinga damu kwenye bakuli na kuiweka dirishani. Ilikaa pale kama juisi. Damu ilikataa kuganda.

Tukampakia kwenye gari kwenda Busisi, tuvuke naye hadi hospitali ya Mwanza. Kivuko kilikuwa ng'ambo, Kigongo, kikipakia malori. Ninyi leo mnavuka darajani na gari la wagonjwa bila hata kumaliza kuzungumza. Ninafurahi kwa ajili yenu, na nikipita juu yake huwa siangalii chini. Siku ile tulimwona mwenye kivuko akiingiza lori la ng'ombe, likarudishwa nyuma, likaingizwa tena. Mume wa Milembe alikuwa amesimama majini hadi kiunoni, akipunga shati lake. Milembe aliniuliza mtoto amenyonya? Nikamwambia amenyonya. Alifariki kabla kivuko hakijageuka.

Tuliporudi, tulikaa kwenye ngazi ya kituo na Sista Veneranda. Nikamuuliza kwa nini damu ilikataa kuganda. Alifuta mikono ambayo ilishakuwa safi.

"Kabura, mimi nimefundishwa nini cha kufanya. Kwa nini inakuwa hivyo, hilo sikufundishwa. Na nimeona ya namna hii mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Nenda ukaulize. Wewe bado una miguu."

Mwezi huo huo niliomba chuo kikuu, shahada ya uuguzi, na safari hii sikumwuliza mtu. Nilipokubaliwa ndipo nilipokwenda Pasiansi kuwaambia. Mayu alikuwa ameshahamia kwa Masalu, na baba mdogo Lufega alikuwepo; alikuwa hakosekani mahali penye jambo la kuamuliwa.

"Utamaliza ukiwa umekaribia miaka arobaini, dada," Masalu alisema. "Utakaa darasani na watoto. Na kazi unayo tayari. Unatafuta nini?"

"Nataka kujua kitu."

"Kitu gani?"

Nilipoanza kumweleza habari za damu, mke wake akaondoa sahani. Masalu akatikisa kichwa. "Kuna watu walioajiriwa kujua hayo."

Aliyezungumza ni Mayu, kutoka kwenye mkeka wake. "Masalu, huyu alichelewa darasa la kwanza kwa sababu ulikuwa mgongoni kwake. Amechelewa chuo kwa sababu ulitangulia. Sasa shuka."

Nikamwomba Masalu jambo moja tu kwa miaka yote nitakayokuwa mbali: ampeleke Mayu kliniki ya kisukari kila mwezi na amtazame miguu. Nilichukua beseni, nikamwosha Mayu mbele yake, nikamwonyesha jinsi ya kukausha katikati ya vidole na kutafuta kidonda, kwa sababu mwenye kisukari anaweza kukanyaga msumari asiusikie. "Nimeelewa, daktari," alisema Masalu, na mkewe akacheka.

Nikapanda treni kwenda Dar es Salaam. Siku ya kwanza chuoni nilisimama kwenye foleni ya usajili, na msichana aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo mama, umemleta mwanao?" Nikamwambia mwanangu ni mimi. Alikuwa anaitwa Rehema, na ndiye aliyenifundisha kemia upya, maana miaka ya leba ilikuwa imeifuta yote. Mimi nilimfundisha kutokuzimia kwenye chumba cha maiti. Wengine waliniita Bibi Mkunga. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Wenzangu walisoma ukurasa mara moja. Mimi nilisoma mara tatu na kuandika pembeni kwa mkono. Lakini nilikuwa na kitu ambacho wao hawakuwa nacho: kila ukurasa ulikuwa na uso wa mtu. Siku mhadhiri alipofundisha kwamba kondo likibanduka mapema, mwili unatumia pale pale vitu vyote vya kugandisha damu hadi havibaki vingine, nilitoka darasani nikaenda kusimama karibu na bomba la maji. Kwa hiyo lilikuwa jambo linalojulikana. Lilikuwa limeandikwa kwenye kitabu muda wote tuliokuwa tukisugua lile tumbo.

Nilikuwa nikipiga simu ofisini kwa Masalu. "Mayu hajambo?"

"Hajambo kabisa. Anakusalimia. Soma wewe."

"Kliniki anakwenda?"

"Dada, una wasiwasi sana. Soma."

Likizo ya mwaka wa kwanza tulipelekwa mazoezi ya hospitali, sikurudi nyumbani. Mwisho wa mwaka wa pili nikarudi. Wifi yangu alinipokea vizuri, akanipa soda, akaniuliza habari za Dar. Nikauliza Mayu yuko wapi. Akasema amelala chumba cha nyuma, siku hizi anapenda kupumzika. Nikaenda huko nyuma, na kabla sijashika mlango nikajua. Nimeshinda na damu na maji ya uzazi na kila kitu kinachotoka kwa binadamu, lakini nyama iliyokufa kwenye mwili wa mtu aliye hai ina harufu yake, na ukishaijua hakuna udi utakaokudanganya. Walikuwa wamechoma udi.

Mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kanga. Vidole viwili vilikuwa vyeusi, na weusi ulikuwa umeshapanda kwenye kifundo.

"Tangu lini, Mayu?"

"Tangu tulipokuwa tunapanda mahindi," alisema. Tulikuwa tumeshavuna.

Masalu aliporudi kazini alinikuta nikimfunga Mayu kitambaa safi. Akasimama mlangoni na mkoba wake. "Alikataa hospitali, dada. Na alisema usisumbuliwe, una mitihani."

Mayu aligeuza kichwa polepole. "Nilisema hivyo mimi? Nilikwambia umwite. Nilikwambia hata siku ya ubatizo wa mtoto wako."

Masalu akaweka mkoba chini. Akauchukua tena. Akasema anakwenda kutafuta gari.

Walimkata mguu juu ya goti. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili na nilijua kila kitu kuhusu mwili wake, sukari imefika ngapi, figo zinafanya nini, na kwa nini homa haishuki. Ile elimu niliyoitamani sana ilinisaidia kujua mapema kuliko wengine kwamba hatapona. Siku moja alinishika mkono. "Treni yako inaondoka lini?" Nikamwambia siendi popote. "Utakwenda," alisema. "Ukibaki, watakuwa wamekupata mara ya tatu." Alifariki juma lililofuata, asubuhi, nikiwa nimempa uji vijiko viwili.

Baada ya maziko, ukoo ulikaa Misungwi kama ilivyo desturi. Baba mdogo Lufega akasema maneno ya kumshukuru Mungu, ya kuwashukuru majirani, kisha akasafisha koo. "Lazima tuseme ukweli ili watoto wajifunze. Huyu mama alikuwa na binti muuguzi. Binti akachagua vitabu. Kama Kabula angebaki, leo tusingekuwa hapa."

Watu waliguna kukubali. Shangazi zangu walinitazama kama mtu aliyeiba. Nikamtazama Masalu, aliyekuwa amekaa karibu na baba mdogo, amevaa suti nyeusi. Yeye ndiye aliyejua yote, habari za beseni, za simu, za udi. Kama angefungua mdomo wake, hata nusu, ningemsamehe siku ile ile. Alitazama viatu vyake. Nikasubiri. Mimi ni hodari wa kusubiri. Alivitazama viatu mpaka wakaleta chakula.

Nilirudi chuoni majuma kadhaa baada ya wenzangu. Rehema alikuwa amenakili masomo yote kwa ajili yangu kwa mwandiko mkubwa, kama mtu anayemwandikia mgonjwa. Nikamaliza. Sherehe ya kuhitimu sikumwalika mtu wa nyumbani, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kitu cha kwanza nilichofanya niliporudi Mwanza ni kwenda Ukerewe kumtafuta Sista Veneranda, ambaye alikuwa ameshastaafu. Nilimkuta anaanika mihogo. Macho yalikuwa yameanza kumwacha lakini sauti yangu aliijua.

"Kabura! Umeuliza?"

"Nimeuliza, Sista."

"Wakasemaje?"

Nikamweleza yote, habari za kondo kubanduka na damu kuishiwa kile kinachoigandisha. Alisikiliza na kipande cha muhogo mkononi. "Kumbe," alisema. "Kumbe tulikuwa tunahangaika na tumbo, na shida iko kwenye damu yenyewe." Akauliza sasa dawa ni nini, nikamwambia ni kumwongezea damu mapema, kabla hajaishiwa, na kumwahisha palipo na upasuaji. Akatikisa kichwa. "Wa kwanza alikuwa mke wa fundi baiskeli," alisema. Kisha akataja mwingine, na mwingine. Alikuwa anawakumbuka wote. Nilikaa naye mpaka akamaliza, na hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yangu ya kuhitimu.

Miaka iliyofuata mnaijua, maana wengine mlikuwepo. Walitaka kunikalisha ofisini kwa sababu nina shahada; kwetu mtu akijua kufanya jambo vizuri, heshima yake ni kuzuiwa asilifanye. Niligombana nao mpaka wakaniacha leba. Mnanijua kwa yale mabakuli: kila mama anayetoka damu nyingi, damu yake ikingwe kidogo, itazamwe kama inaganda, na damu ya kumwongezea iitishwe kabla hamjaanza kubishana. Mlinisema kwamba ninapiga kelele. Nilipiga. Wapo akina mama wanaotembea Igogo sokoni leo kwa sababu ya kelele hizo, na nasema hivyo bila kujivuna, kwa sababu nawajua pia wale ambao kelele hazikuwasaidia. Kwa wagonjwa nilifika. Kwa mama yangu sikufika, na hakuna shahada inayolisawazisha hilo. Nilijaribu miaka mingi kulisawazisha. Nimeacha.

Basi ikaja ile sherehe mliyoniandalia ya kuniaga. Mlipamba ukumbi vizuri, na hamkujua, mkamwalika Masalu kama mgeni wa familia. Siku hizi ni mzee wa kanisa, nywele nyeupe, sauti nzuri. Mliompa kipaza sauti mnakumbuka alichosema, kwa sababu mlipiga makofi.

"Dada yangu alikuwa na akili tangu utotoni," alisema. "Nilipoona kipaji kile nikasema, hapana, huyu lazima afike chuo kikuu, hata kama umri umekwenda. Nikamwambia, dada, nenda. Mama niachie mimi."

Mkapiga vigelegele. Mmoja wenu alifuta machozi. Mimi nilikata keki, nikamlisha kipande kama mshereheshaji alivyoagiza, na picha ipo, naonekana nacheka.

Alipokuwa anaondoka nilimsindikiza nje hadi kwenye gari lake. Akanishika bega. "Umefurahi, dada?"

"Umesema uongo mbele ya watu niliofanya nao kazi."

Mkono ukatoka begani. "Ilikuwa sherehe, Kabula. Ulitaka niseme nini?"

"Nilitaka unyamaze. Unajua kunyamaza, Masalu. Ulinyamaza mguu wa Mayu ukioza chumba cha nyuma. Ulinyamaza waliposema nimemuua. Leo kimya hicho kimoja kilikushinda nini?"

Kwa muda nilifikiri, mwanamke mzima wa miaka sitini, kwamba sasa atasema. Nilisimama pale nikamsubiri, mara hii ya mwisho.

Akafungua mlango wa gari, akasema barabara ya Pasiansi huwa na foleni saa hizi.

Nikarudi ndani. Mlikuwa mmeanza kupanga viti, nikashika upande wa pili wa meza, tukaibeba.